Ofisi naiendesha mimi, cheti sina

Shikamoo Mama,

Nina miaka 31, naishi Mwanza na mume wangu na watoto wetu wawili. Mwaka 2018 niliajiriwa mapokezi katika hospitali moja binafsi hapa mjini. Mwaka 2020 sekretari wa mkurugenzi alikwenda likizo ya uzazi na hakurudi tena, nikaambiwa, "Wewe shikilia kwa muda." Muda huo haujaisha mpaka leo. Simu za mkurugenzi napokea mimi, miadi yake napanga mimi, barua nachapa mimi, tiketi za ndege nakata mimi, na bodi ikikaa kila baada ya miezi mitatu anayeandika muhtasari ni mimi. Mshahara ni uleule wa mapokezi, na mkataba bado unasema mapokezi.

Mwezi uliopita nilikuta tangazo ubaoni. Hospitali inatafuta msaidizi wa mkurugenzi mwenye stashahada ya uhazili, yaani kazi ya usekretari. Nikaenda kumuuliza afisa utumishi. Akasema naruhusiwa kuomba kama mtu mwingine yeyote, ila kwa kuwa sina cheti nisitegemee sana. Halafu akaongeza kwamba atakayepatikana nitamwelekeza kazi kwa wiki mbili. Nilirudi mezani nikawasha kompyuta, nikabaki naitazama tu.

Nimeamua kusoma, ila sijui nisome nini. Kuna kozi ya wiki sita inayotangazwa kwenye simu, wanasema ukimaliza unapewa cheti cha kimataifa cha usaidizi wa wakurugenzi. Ada ni shilingi 850,000. Tulipovunja kikoba Desemba nilipata 1,400,000, kwa hiyo kulipa naweza. Rafiki yangu ananiambia niachane nayo, niende Tabora nikasome uhazili. Nikipiga hesabu ni miaka mitatu, na nasikia huko bado wanafundisha hatimkato, yale maandishi ya alama fupi ya kunasa maneno mtu anapoongea. Hatimkato ya nini siku hizi, Mama, wakati simu inarekodi? Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2011, nikapata C ya Kiswahili na D tano.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Si mtu mbaya, lakini nikitaja tu habari hii anasema sekretari ni mke wa pili wa bosi, na kwamba mapokezi angalau nakaa mbele za watu.

La mwisho naona aibu kuliandika. Katika kikao kilichopita bodi iliahirisha ununuzi wa jenereta, ikaagiza suala lirudi likiwa na bei za wazabuni watatu. Siku mbili baadaye mkurugenzi aliniambia niandike kwamba ununuzi umeidhinishwa. Niliandika. Muhtasari bado haujasambazwa kwa wajumbe, na kikao kingine ni mwezi ujao. Silali vizuri.

Msomaji wako, Mwanza

—

Marahaba mwanangu.

Hilo la jenereta umeliweka mwisho, kama mtu anayefunika jeraha kwa khanga. Mimi naanza nalo, kwa sababu lina tarehe, na kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya maswali yako mengine.

Muhtasari si mali yako wala si mali ya mkurugenzi. Ni mali ya kikao. Ndiyo maana kila kikao, baada ya kufunguliwa na akidi kuhakikiwa, huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita kabla ya kwenda kwenye yatokanayo. Wajumbe huupitia, hurekebisha palipokosewa, na hapo ndipo mwenyekiti na katibu huweka sahihi. Mpaka sahihi hizo ziwekwe, ulichonacho mkononi ni rasimu, na rasimu hurekebishika. Hujachelewa.

Tafuta daftari uliloandikia siku ile, lenye mwandiko wako wa haraka haraka na michoro pembeni. Usilifute, usilinakili upya ili lipendeze, usilipeleke nyumbani. Chapa rasimu kama bodi ilivyosema: suala liliahirishwa, lirudi na bei za wazabuni watatu. Ingia kwa mkurugenzi asubuhi, kabla hajazongwa na watu, umwambie kwa upole: "Mkurugenzi, nimepitia daftari langu, azimio la kuidhinisha silioni. Nimeliandika kama bodi ilivyoagiza, na nimeandaa ajenda ya kikao kijacho ili suala la jenereta liwe la kwanza. Nikusaidie kuomba hizo bei tatu?" Angalia unachofanya hapo. Humwiti mwongo. Unampa njia ya kupata jenereta yake bila kuingia kwenye matatizo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya msaidizi. Akikataa, mwombe maelekezo kwa maandishi, kisha umfikishie suala hilo yule aliyetambuliwa rasmi kuwa katibu wa bodi, au mwenyekiti. Jenereta ikinunuliwa kwa azimio ambalo halikupita, siku wakaguzi wakija wataulizia aliyeandika, na aliyeandika ni wewe, mtu ambaye mkataba wake unasema mapokezi.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu nami niliwahi kusimama hapo. Nilikuwa nimetoka chuoni miaka michache tu. Mkuu wangu wa wakati ule akaniambia nichape barua niipe tarehe ya wiki mbili nyuma. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini mdomo wangu ulisema kile mwalimu alichotukaririsha: "Mzee, daftari la dispachi halirudi nyuma." Kwa maana kila barua inayotoka ina namba ya kumbukumbu, nakala yake hupewa folio, yaani namba ya ukurasa, katika jalada, kisha husajiliwa katika daftari la dispachi kwa mfuatano wa siku. Barua ya tarehe 3 haiwezi kukaa chini ya barua ya tarehe 17. Hakuna nafasi yake, na yeyote atakayefungua daftari ataiona. Mzee alinyamaza, akaniambia niandike tarehe ya siku ile. Hakuniogopa mimi msichana wa kuchapa, aliogopa ule mfumo, na mimi nilikuwa naujua.

Sasa unaona kwa nini nakuambia usilipe zile 850,000.

Kozi ile ya wiki sita itakufundisha kupanga kalenda, kuandaa safari na kutumia Excel, mambo ambayo tayari unayafanya kila siku, tena chini ya presha ya simu tatu zinazolia kwa pamoja. Unachokosa wewe ni viwili: msingi wa kusimama juu yake, kama huo wa dispachi, na cheti kinachotambulika. Hapa Tanzania cheti cha uhazili hupimwa kwa ngazi za NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, nazo huitwa NTA. Uliza chuo chochote swali moja kabla hujatoa hata shilingi: nimalizapo nitakuwa na NTA ya ngazi gani? Wakianza kukuzungusha kwa maneno kama "kimataifa", funga simu. Wakikutajia ngazi, bado nenda NACTVET uhakiki kwamba chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe inatambuliwa.

Matokeo yako yanakuingiza. Ngazi ya 4 inataka ufaulu wa masomo angalau manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, nawe una sita. Hesabu tu kama yapo ya dini humo, na usome sifa za chuo chenyewe, maana kinaweza kuongeza sharti lake. Kila ngazi ni mwaka mmoja: ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Hesabu yako ya miaka mitatu ni sahihi, lakini hulazimiki kuibeba yote kwa mpigo. Ukimaliza mwaka wa kwanza unatoka na cheti, unaweza kurudi kazini ukavuta pumzi, kisha ukaendelea.

Tabora naipenda, sitaficha, maana ndiko nilikosoma. Enzi zetu kilikuwa Chuo cha Uhazili, na mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili tuchape bila kuangalia vidole. Leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, wakala wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2000, chenye kampasi nyingine Dar es Salaam, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Lakini una watoto wawili na mshahara unaohitajika nyumbani. Anza kwa kutafuta Mwanza hapohapo kama kuna chuo kilichosajiliwa chenye masomo ya jioni. Usipokipata, ndipo mkae na mwenzio mjadili Tabora. Jina la mji haliandikwi kwenye ngazi ya NTA.

Umeuliza hatimkato ya nini. Nimeulizwa hivyo na wasichana wengi, na huwa najibu kwa kuwaonyesha tangazo la kazi serikalini. Zamani tuliitwa makatibu mahsusi, na sharti lilikuwa maneno 80 kwa dakika moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Matangazo ya miaka ya karibuni yanasema Mwandishi Mwendesha Ofisi, yanataka stashahada ya uhazili, na hatimkato imepanda hadi maneno 100 kwa dakika. Pamoja nayo wanataka programu za ofisi: Word, Excel, Powerpoint, intaneti, barua pepe na Publisher. Bila hatimkato hupiti hata kwenye mchujo, uwe hodari namna gani.

Na ina maana yake kazini. Kikao cha saa tatu ukikirekodi, ukitaka kukiandika una saa tatu nyingine za kusikiliza, wajumbe wanakohoa, wawili wanaongea kwa pamoja, na kuna vikao simu huachwa mlangoni. Mwenye hatimkato hutoka na kikao kizima ndani ya daftari. Ile ya Pitman, aliyoitoa Isaac Pitman kule Uingereza mwaka 1837, huandika sauti badala ya herufi: mstari mwembamba ni p, ukiukoleza unakuwa b. Irabu ni vitone na vistari, na ukizoea unaziacha. Kwetu Waswahili hapo ndipo pagumu, maana ukiondoa irabu, pata, pete na pita yote yanabaki na umbo moja, na kinachokusaidia kuyabagua ni pale umbo linapokaa dhidi ya mstari wa daftari pamoja na maana ya sentensi. Kwa hiyo kuandika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusoma ulichoandika, siku hiyohiyo, kabla akili haijapoa.

Niwe mkweli kwako: kampuni nyingi binafsi hazitakuuliza hatimkato. Zitauliza Kiingereza chako, namna unavyoandika barua pepe kwa niaba ya mkuu, na kama unaweza kuandaa makabrasha ya bodi bila kusukumwa. Kama nia yako ni kubaki sekta binafsi maisha yote, weka nguvu kwenye Kiingereza kuliko kitu kingine chochote. Ila mimi nisingekufungia mlango wa Serikali ukiwa na miaka 31. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Ukimaliza na miaka 34 au 35 bado una muda wa kutosha. Tunza tu vyeti vyenyewe, na kile cha kidato cha nne ukitafute kuanzia leo kama hujakichukua shuleni, kwa sababu hati za matokeo hawazikubali na watu wengi huanguka hapo.

Kuhusu hospitali yako. Omba ile nafasi, hata kama afisa utumishi amekukatisha tamaa. Ambatisha orodha ya kazi unazofanya tangu 2020, kwa lugha kavu ya kazi: kupokea wageni na kuwasaili shida zao, kutunza miadi na safari za mkuu, kuchapa barua na nyaraka za siri, kuandaa vikao vya bodi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, kazi unazofanya zikiwemo, na mambo yakibadilika maelezo nayo yarekebishwe. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa barua, bila hasira: kazi zangu zimebadilika, naomba mkataba wangu ueleze kazi hizo na tujadili mshahara wake. Katika barua hiyohiyo omba ruhusa ya kusoma jioni. Wakikunyima nafasi, huenda wakakupa ruhusa, kwa kuwa watakuwa na deni moyoni.

Na huyo mgeni atakayekuja, mwelekeze vizuri. Najua inauma. Lakini hakukunyang'anya yeye, na asipoelekezwa wataumia wagonjwa na wageni wanaopita mezani hapo. Kumbuka pia mnashika taarifa za wagonjwa. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na ofisi ya mkurugenzi wa hospitali si mahali pa kukabidhiana nywila kwenye vikaratasi. Andika hati ya makabidhiano, mweke sahihi wote wawili, ubaki na nakala. Kisha muulize alivyosoma, na kama anaijua hatimkato mwombe akuonyeshe. Mwingine huja kuwa dada yako katika kazi hii. Makatibu mahsusi tuna chama chetu, TAPSEA, na urafiki wangu mkubwa wa uzeeni nimeupata kwenye mikutano yake.

Nimebakiza mumeo. Sitamwambia kwamba anayoyasema hayatokei. Yanatokea, nimeyaona, na nimemsindikiza mwenzangu mmoja akiacha kazi aliyoipenda kwa sababu ya mkuu asiyekuwa na haya. Sheria ileile ya 2004 inakataza unyanyasaji kazini, lakini sheria huja baada, na wewe unahitaji kinachokuja kabla. Mimi nilikuwa na taratibu zangu na sikuzivunja kwa mkuu yeyote katika miaka 33. Kazi ya baada ya saa za ofisi nilitaka ijulikane na mtu wa tatu. Safari niliifanya kwa barua ya ruhusa, si kwa maneno ya mdomoni. Mke wa mkuu nilimfahamu na tulisalimiana kwa simu. Zawadi ya siri sikuipokea, hata ikiwa leso. Mkuu mwenye nia njema hukuheshimu kwa hayo, na mwenye nia mbaya huchoka mapema.

Lakini nadhani mumeo hasemi hayo kwa kumwogopa bosi peke yake. Anaona mke wake anaondoka kwenda kusoma na yeye anabaki mlangoni akiangalia. Umesema ni mwalimu wa shule ya msingi. Basi ana kitu ambacho wewe utakihitaji kila jioni kwa miaka yote ya masomo: anajua kutoa imla.

Utakapoanza hatimkato, chukua gazeti la Kiswahili, uchague habari moja. Weka alama ya mkwaju kila baada ya maneno 20. Mpe gazeti na saa yenye mshale wa sekunde, umwambie asome kwa sauti ya kawaida, kila mkwaju aufikie kwa sekunde 15. Hapo anasoma maneno 80 kwa dakika. Dakika tatu zinatosha, kisha wewe umsomee ulichoandika, naye akusahihishe kwa kalamu nyekundu kama anavyowafanyia wanafunzi wake. Mkianza mtakwenda kwa maneno 40, na utalia. Mkifika 80 mikwaju ihamie kwenye kila maneno 25. Watoto wakae hapohapo mezani na madaftari yao.